Nani Aliyekung'uta Zile Ngoma?

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)

Juma hili nataka tuzungumzie santuri moja ya zamani, fupi kuliko safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo siku ya foleni. Ina nyimbo 10, na zote kwa pamoja hazizidi dakika 28. Ilirekodiwa Februari 1969 katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani, ikaingia madukani Aprili 9 mwaka huo huo. Inaitwa Nashville Skyline. Juu ya jalada kuna kijana mwenye ndevu chache, ameshika gitaa, ameinua kofia kama mtu anayekusalimu njiani, na anatabasamu. Kijana huyo ni Bob Dylan.

Dylan hahitaji utambulisho mrefu. Ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2016, miaka mitano kabla ya mzaliwa wetu wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, kuipata. Watu wameandika vitabu vya kujaza kabati kuhusu maneno ya nyimbo zake. Mimi leo sina haja na maneno. Haja yangu ni wale waliokuwa wameketi nyuma yake mle studio, wenye magitaa, besi, kinanda na drams, waliolipwa kwa zamu kisha wakachukua magari yao wakarudi nyumbani kula. Maana sisi watangazaji tuna tabia moja. Wimbo ukiisha tunasema, "Naam, huyo alikuwa Bob Dylan." Sawa, alikuwa Dylan. Na ngoma je, alikuwa akizikung'uta nani?

Tuanze na mwimbaji mwenyewe, kwa kifupi. Alikulia Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, akaingia New York Januari 1961 akiwa na gitaa la mbao na kinanda cha mdomo. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za jadi, zile za wachimba migodi, wakulima na mabaharia, kisha akaanza kutunga zake. Agosti 1963 aliimba mjini Washington siku ile ile ambayo Martin Luther King alitoa hotuba yake mashuhuri kuhusu ndoto. Vijana wa vyuo vikuu wakamfanya msemaji wao, kazi ambayo hakuiomba na wala hakuipenda. Julai 1965 alipopanda jukwaani kwenye tamasha la Newport na gitaa la umeme, wapo waliomzomea. Kwao, umeme ulikuwa usaliti.

Sasa mchukue mtu kama huyo umpeleke Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri. Mwaka 1969 Marekani ilikuwa na askari zaidi ya nusu milioni nchini Vietnam. Kijana wa New York mwenye nywele ndefu na anayepinga vita aliuhesabu muziki wa kantri kuwa muziki wa upande wa pili, wa watu wa kusini wanaonyoa nywele, wanaokwenda kanisani na wasiotaka kusikia habari za maandamano. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro zake, lakini ndivyo watu walivyoamini. Ni kama vile msanii wa hip hop wa Temeke, aliyejipatia jina kwa kuwasema wakubwa, atangaze ghafla kwamba nyimbo zake zijazo ni za taarabu na anakwenda Unguja kuzirekodi na kikundi cha taarabu chenyewe. Mfano wangu haukai sawasawa, najua. Lakini mshtuko ni ule ule.

Haki itendeke: Dylan hakuwa wa kwanza kuoanisha roki na kantri. Kundi la Byrds lilitoa santuri yake ya Sweetheart of the Rodeo Agosti 1968, nalo lilikwenda kurekodi sehemu ya nyimbo hizo huko huko Nashville, likisaidiwa na mpigaji wa gitaa la stili wa mji huo, Lloyd Green. Ila Byrds hawakuwa na uzito wa Dylan. Yeye alipopita mlango ule, wengine walimfuata kwa makundi.

Na kwa nini Nashville? Kulikuwa na studio New York, tena nyingi, na Dylan alikuwa amezizoea. Jibu ni wapigaji.

Wazee wetu waliokuwa wakimsikiliza Jim Reeves redioni Jumapili asubuhi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, walikuwa wakiwasikiliza wapigaji wa Nashville bila kuwajua. Reeves alirekodia huko. Mji ule ulikuwa na kundi dogo la mafundi ambao ndio waliompigia karibu kila mwimbaji aliyepita. Siku yao ya kazi iligawanywa katika zamu za saa tatu tatu: saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Katika zamu moja ilitarajiwa nyimbo tatu au nne zikamilike. Asubuhi unampigia mwimbaji wa dini, mchana mwimbaji wa mapenzi, jioni tangazo la biashara. Malipo yalipangwa na chama cha wanamuziki, ni kiasi maalumu kwa zamu, na kiongozi wa zamu alipata mara mbili. Wimbo ukiuzwa nakala mia au nakala milioni, malipo ya ile zamu hayabadiliki.

Kwa kasi hiyo hakuna nafasi ya kuandikiana nota. Basi wakabuni njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Neal Matthews wa kikundi cha waimbaji cha Jordanaires alianza kuandika mpangilio wa wimbo kwa tarakimu, na Charlie McCoy na wenzake wakaieneza kwa wapigaji. Sauti ya msingi inaitwa moja, inayofuata mbili, hadi saba. Wimbo unaandikwa kwenye kipande cha karatasi: moja, nne, moja, tano. Mwimbaji akisema ufunguo umemshinda, ushushwe, hakuna anayefuta kitu. Tarakimu ni zile zile, vidole tu ndivyo vinavyohama. Wanakwaya wetu wa makanisani waliolelewa kwa do-re-mi wataielewa njia hii katika dakika moja, maana ni ndugu yake.

Huyo Charlie McCoy nimeanza kumtaja, na sitaacha kumtaja. Alizaliwa mwaka 1941 huko West Virginia, na kinanda cha mdomo mikononi mwake ni chombo kingine kabisa. Lakini alipiga pia gitaa, besi, tarumbeta, chochote kilichopungua siku hiyo. Agosti 1965 alikuwa matembezini New York, akapita studio kumsalimu mtayarishaji Bob Johnston, aliyekuwa amemwahidi tiketi za mchezo wa kuigiza. Johnston akamtambulisha kwa Dylan, na Dylan akamwambia achukue gitaa lile pale. McCoy akaketi akapiga. Wimbo ule ni Desolation Row, una urefu wa dakika 11, na mapambo yale ya gitaa yanayozunguka sauti ya mwimbaji kama nyuki ni ya mtu aliyekuja kuchukua tiketi. Johnston alikuwa ameshapata ushahidi wake. Akamshawishi Dylan aende kusini.

Februari 1966 Dylan akaenda, kurekodi santuri mbili kwa pamoja za Blonde on Blonde. Hapo ndipo mafundi wa saa tatu tatu walipokutana na kituko. Waliitwa jioni. Dylan akawaambia wasubiri kidogo, bado anamalizia maneno. Wakasubiri. Wakacheza karata, wakacheza mpira wa mezani, wengine wakasinzia, na saa za malipo zinahesabika. Ilipokaribia saa kumi alfajiri akawaita, akawaeleza mpangilio kwa maneno machache, wakaanza. Mpiga drams, Kenny Buttrey, alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Alisimulia baadaye kwamba walipofika kibwagizo cha pili walijua wimbo unaisha, maana nyimbo zao zote ziliisha ndani ya dakika tatu, kwa hiyo wakapandisha moto kama inavyotakiwa mwishoni. Dylan akapuliza kinanda chake kidogo, akaanza ubeti mwingine. Wakashuka, wakapanda tena. Ubeti mwingine. Buttrey akawa anatazama saa. Wimbo ule, Sad Eyed Lady of the Lowlands, ulikwenda dakika 11 na zaidi, alfajiri, na watu waliouona kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyepotea njia. Ukiusikiliza leo, zile kupanda na kushuka ndizo zinazoupa pumzi. Zilitokana na wapigaji kudhani kila mara kwamba wamefika nyumbani.

Kuna jambo jingine lilifanyika kwenye Blonde on Blonde ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo. Majina ya wapigaji yalichapwa kwenye jalada. McCoy, Buttrey, Wayne Moss, Joe South, Jerry Kennedy, Henry Strzelecki, na Hargus Robbins, mpiga piano ambaye alikuwa kipofu tangu utotoni. Kwa Nashville ya siku hizo hii haikuwa desturi. Wapigaji walikuwa kama maseremala waliotengeneza kitanda: hakuna anayeuliza majina yao. Robbins ndiye aliyekuja kupiga utangulizi ule wa piano kwenye wimbo wa Crystal Gayle, Don't It Make My Brown Eyes Blue, mwaka 1977, ambao redio za kwetu ziliupiga hadi watoto wakaukariri. Niambie ni wangapi waliowahi kumtaja.

Mwaka 1967 Dylan alirudi Nashville, safari hii na watu wachache zaidi. John Wesley Harding ilirekodiwa kwa zamu tatu tu kati ya Oktoba na Novemba. McCoy kwenye besi, Buttrey kwenye drams, na Dylan mwenyewe. Basi. Katika nyimbo mbili za mwisho anaingia mtu wa nne, Pete Drake, na gitaa la stili. Kwa wasiolijua, gitaa hili halipakatwi. Linalazwa kama meza ndogo, mpigaji anaketi nyuma yake, mkono mmoja unakwangua nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma, na miguu na magoti yanasukuma mitambo ya kuvuta nyuzi. Kilio chake ni kama cha mtu anayebembeleza mtoto huku mwenyewe ana huzuni. Nyimbo hizo mbili, ukizisikia leo, ni mlango wa santuri iliyofuata.

Ndiyo hiyo Nashville Skyline. Walioitwa Februari 1969 ni Buttrey, McCoy na Drake, pamoja na Bob Wilson kwenye piano na ogani, na Norman Blake, bingwa wa gitaa la mbao. Mpiga gitaa mmoja hakuweza kufika zamu ya kwanza, na Johnston akamtafuta deiwaka. Deiwaka huyo aliitwa Charlie Daniels, kijana mnene kutoka North Carolina, ambaye alikuwa akihangaika mjini pale bila mafanikio. Zamu ikaisha, Daniels akaanza kufungasha gitaa lake aende. Kama alivyosimulia mwenyewe, Dylan aliuliza anakwenda wapi. Akaelezwa kwamba huyu ameziba pengo tu, mwenyewe atakuja. Dylan akasema hamtaki huyo mwingine, anamtaka huyu. Daniels akabaki hadi mwisho wa santuri, akaitwa na kwenye zilizofuata. Baadaye akaunda bendi yake, mwaka 1979 akavuma kwa The Devil Went Down to Georgia, akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Muziki wa Kantri mwaka 2016, akafariki Julai 2020. Hadi uzeeni hakuchoka kusimulia siku ile.

Wimbo uliovuma kuliko yote katika santuri hiyo ni Lay Lady Lay. Ulitungwa kwa ajili ya filamu ya Midnight Cowboy, ukachelewa, filamu ikaenda na wimbo mwingine. Buttrey alisimulia hivi. Alimuuliza Dylan, unataka nikupigie nini hapa? Dylan akafikiri, akasema: bongo. Namaanisha vile vingoma viwili vidogo vya kupiga kwa vidole, si mji wetu. Buttrey hakuelewa. Akaenda kumuuliza Johnston, na Johnston akasema: kengele za ng'ombe. Buttrey akaona wote wawili wanamtania. Akaamua kuwaonyesha upuuzi wao: akatafuta bongo, akatafuta kengele, akavitumia vyote kwa pamoja kwenye beti, kisha akarudi kwenye drams zake kwenye kibwagizo. Kwa kuwa hapakuwa na pa kuviweka, alimwita mfagiaji wa studio amshikie, bongo mkono mmoja, kengele mkono mwingine. Wimbo ukaanza, wote wakanyamaza. Upuuzi ule ulikuwa umekubali. Ukisikiliza utausikia, tiki-tiki mithili ya mtu anayegonga mlango kwa kucha usiku, halafu drams zinaingia kama mlango uliofunguliwa. Ulifika nafasi ya saba katika chati za Marekani.

Na mfagiaji? Aliitwa Kris Kristofferson. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwa udhamini wa Rhodes, amekuwa kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta, akaacha yote aje kufagia studio za Columbia ili awe karibu na nyimbo. Mtu aliyekuja kuandika Me and Bobby McGee alisimama pale ameshika kengele. Alifariki Septemba 2024.

Sasa niseme langu, na wapenzi wa Dylan wanisamehe. Maneno ya santuri hii ni mepesi. Mwanamume aliyekuwa akiandika beti zinazowatesa maprofesa, hapa anaandika kwamba anakupenda, usiku ni mzuri, bakia. Hata sauti aliibadilisha, akaimba kwa ulaini ambao watu hawakuutambua; mwenyewe alisema ni kwa sababu ameacha sigara. Wapo wahakiki waliolalamika wakati ule kwamba amewakimbia. Nami nakubali kwamba ukiyachapa maneno yale peke yake utapata kijitabu chembamba. Kinachoijaza santuri ni ule upigaji: Drake akiingia pale sauti inapokatika, Wilson na piano yake inayochekacheka, Buttrey asiyepiga pigo moja la ziada. Na nadhani Dylan alilijua hilo. Ushahidi wangu ni wimbo wa pili, Nashville Skyline Rag. Hauna neno hata moja. Bingwa wa maneno, mtu wa Nobeli ya baadaye, ameweka kwenye santuri yake wimbo ambao yeye haimbi; kila mpigaji anapewa zamu yake ya mbele, mmoja baada ya mwingine, na wengine wanamfuata. Tangu santuri yake ya kwanza ya mwaka 1962 hakuwahi kutoa wimbo wa namna hiyo.

Wimbo wa kwanza wa santuri ndio aliouimba na Johnny Cash, Girl from the North Country, ambao alishautoa mwaka 1963. Cash alimtetea tangu mwaka 1964, alipoliandikia jarida la Broadside kuwaambia wakosoaji wamwache kijana aimbe. Katika wimbo huu wazee wa muziki watagundua kwamba sehemu fulani wanapishana, huyu mbele, huyu nyuma, na wakauacha hivyo hivyo. Siku zile mbili waliimba pamoja nyimbo nyingi, lakini huu mmoja tu ndio ulioingia. Nyingine zilikaa makabatini hadi mwaka 2019 zilipotolewa rasmi. Cash aliandika pia shairi la nyuma ya jalada, nalo likapata tuzo ya Grammy kama maelezo bora ya jalada. Mei 1, 1969 Dylan akapanda jukwaa la ukumbi wa Ryman kurekodi kipindi cha kwanza cha televisheni cha Cash, kikaonyeshwa Juni. Kwa Wamarekani wengi, pale ndipo pande mbili za nyumba iliyogawanyika zilipoonekana kwenye kiti kimoja.

Tuwafuate wapigaji, maana hapa ndipo mada yangu ilipo. Mtu akitajwa, nini humfuata?

Mwaka 1969 McCoy, Buttrey, Moss na wenzao waliunda kundi lao wenyewe, wakaliita Area Code 615, yaani namba ya simu ya mji wa Nashville. Santuri zao hazikuuzwa sana. Lakini wimbo wao mmoja, Stone Fox Chase, wenye kinanda cha mdomo cha McCoy, ulichukuliwa na televisheni ya BBC kuwa wimbo wa kufungulia kipindi cha The Old Grey Whistle Test, na Waingereza wa kizazi kizima wanaujua kama wanavyoujua mlango wa nyumba yao. Pete Drake aliitwa London mwaka 1970 na George Harrison, apige kwenye All Things Must Pass. Mle studio alimwonyesha kijana aitwaye Peter Frampton ujanja wake wa zamani, mpira wa plastiki unaopeleka sauti ya gitaa mdomoni ili gitaa lizungumze. Frampton akaja kuutikisa ulimwengu nao mwaka 1976. Mwaka huo huo wa 1970 Ringo Starr alimfuata Drake hadi Nashville, akarekodi santuri nzima ya kantri kwa siku chache. Joan Baez alishafika huko mwaka 1968. Neil Young akaja Februari 1971, akamkuta Buttrey, na ngoma zile za taratibu unazozisikia kwenye Heart of Gold, wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972, ni zake.

Waliwajuaje? Walisoma majalada.

Buttrey alifariki mwaka 2004. McCoy aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa mwaka 2009, Robbins mwaka 2012, Drake mwaka 2022, miaka 34 baada ya kufa kwake. Mwaka 2015 jumba hilo lilifungua maonyesho makubwa kuhusu Dylan, Cash na wapigaji wa studio wa Nashville, na majina yao yakawekwa ukutani pamoja na vyombo vyao. Heshima, ndiyo. Na fedha je?

Hapa sheria ya Marekani ina jambo la kushangaza. Redio ya kawaida ya nchi ile, hadi leo, ikipiga wimbo inamlipa mtunzi na mchapishaji wake, lakini haimlipi aliyeuimba wala aliyeupiga. Kwa hiyo kila mara Lay Lady Lay ilipopigwa kwenye redio za kule, Dylan alipata kwa sababu aliutunga. Aliyekung'uta bongo hakupata senti. Tangu mwaka 1995, redio za njia ya dijitali zinatakiwa kulipa kwa kurekodiwa kwenyewe, na mgawo wake ni huu: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 zinazobaki huwekwa kwenye mfuko wa waimbaji na wapigaji wengine wote, wagawane. Asilimia 5 si kitu kikubwa, ila inakiri kwamba watu hao walikuwepo chumbani. Na ili ugawiwe, lazima ijulikane ulipiga nini, lini, na nani. Jina linarudi pale pale.

Kwetu sheria si mbaya hata kidogo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na hilo neno hakishiriki limewekwa kwa ajili ya wasanii watendaji, ambao mpiga gitaa ni mmoja wao. Kenya wana chama chao cha kutetea haki za watendaji, PRISK. Kinachokosekana ni daftari. Ninaye rafiki hapa mjini, jina naliweka kapuni, mpiga solo. Amepiga katika nyimbo ambazo ukipanda basi lolote utazisikia. Aliitwa studio kwa simu, akapiga saa moja au mbili, akapewa fedha ya nauli na chakula, akasema asante. Hakuna aliyeandika kitu. Siku moja tulikuwa kwenye basi, wimbo ukapigwa, abiria wa pembeni yake akawa anaimba ule mstari wa gitaa kwa mdomo, wote, mwanzo mwisho. Rafiki yangu akatazama dirishani. Nilimuuliza kama anayo karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni yeye. Akacheka.

Zamani walau tulikuwa na dawa yetu. Katika muziki wa dansi, mwimbaji alimwita mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo, naye akaitika kwa nyuzi. Hatukuhitaji jalada, jina lilikuwa ndani ya wimbo. Siku hizi ndani ya wimbo unalisikia jina la mtayarishaji, tena kabla ya mwimbaji hajafungua kinywa, na simlaumu mtayarishaji kwa kujitangaza. Ila yule aliyekuja na gitaa begani akaondoka na nauli hana hata huo mwito.

Watangazaji wenzangu watanijibu kwamba muda hautoshi. Nimejipima kwa saa. Kutaja wapigaji sita kunachukua sekunde 12. Nimewaomba wanaoleta nyimbo kwenye kipindi changu wabandike karatasi: nani solo, nani besi, nani drams, nani kinanda. Katika nyimbo za mwezi uliopita, karatasi nilizopata ni mbili. Wengine wameniambia hawakumbuki.

Fundi mitambo wangu ameshaiweka santuri tayari, wimbo wa pili. Nawatajia basi. Kwenye drams, Kenny Buttrey. Gitaa la stili, Pete Drake. Piano, Bob Wilson. Magitaa na besi wamegawana Norman Blake, Charlie McCoy na yule deiwaka, Charlie Daniels. Mtayarishaji ni Bob Johnston. Na Bob Dylan naye yumo. Twende.